Mashine ya kufulia: mapipa mawili, mlango wa juu au mlango wa mbele?

Wengi wanaokwenda kununua mashine ya kufulia huuliza mambo mawili: inabeba kilo ngapi, na inauzwaje. Swali linalopaswa kutangulia ni maji yanafikaje pale mashine itakapokaa, kwa nguvu kiasi gani, na yakishachafuka yanatokea wapi. Mashine bora kabisa dukani itagoma katikati ya kazi ikikosa presha ya maji, na ile nyepesi ya mapipa mawili itafua miaka na miaka hata kwa maji ya ndoo. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanzia bombani, kisha unafika kwenye nguo, umeme na fundi.

Aina zenyewe

Ya mapipa mawili ina pipa kubwa la kufulia na, pembeni yake, pipa jembamba la kukamulia. Kujaza maji, kuyamwaga na kuhamisha nguo kutoka pipa hili kwenda lile ni kazi ya mtu. Mashine inasugua na kukamua tu.

Ya mlango wa juu ina dramu moja iliyosimama wima. Unatia nguo na sabuni, unafunga kifuniko, nayo inajaza, inafua, inasuuza na kukamua yenyewe. Chini ya dramu kuna sahani yenye mapezi inayozunguka huku na huku, na baadhi zina mnara katikati badala ya sahani.

Ya mlango wa mbele dramu yake imelala. Nguo hupandishwa na mapezi ya ndani hadi karibu na juu, kisha huanguka kwenye maji machache yaliyo chini, na kule kuanguka ndiko kunakozifua. Karibu zote za aina hii zina hita ndani. Za mlango wa juu nyingi hazina, na za mapipa mawili karibu zote hazina.

| | Mapipa mawili | Mlango wa juu | Mlango wa mbele |
|---|---|---|---|
| Maji kwa mkupuo | lita 100–150, lakini ya sabuni hutumika tena | lita 90–150 | lita 45–60 |
| Muda | dakika 40–50, ukiwa hapohapo | dakika 45–70 | saa 2–3 na zaidi. Programu fupi dakika 15–30 |
| Mizunguko ya kukamua kwa dakika | karibu 1300 | 650–800 | 1000–1400 |
| Umeme inaovuta | wati 300–500 | wati 350–600 | karibu wati 2000 hita ikiwaka |
| Uzito | kilo 20–28 | kilo 30–45 | kilo 55–75 |

Hizo ni namba za kawaida kwa mashine ya kilo 7. Kibandiko kilicho mgongoni mwa mashine na kijitabu chake ndivyo vya kufuata.

Maji yanayoingia

Tafuta kwenye kibandiko presha ya chini inayokubalika. Huandikwa 0.03 MPa au 0.05 MPa, yaani bar 0.3 au 0.5. Ili kujua maana yake nyumbani kwako, kumbuka kwamba mita 10 za kimo cha maji hutoa bar 1. Kwa hiyo mashine inayotaka bar 0.3 inahitaji uso wa maji kwenye tangi uwe angalau mita 3 juu ya vali, yaani mlango wa kuingizia maji, iliyo nyuma ya mashine, na ya bar 0.5 inahitaji mita 5. Pima kutoka kwenye vali, na pima wakati tangi limebaki na maji kidogo, maana hapo ndipo presha huwa chini kabisa. Tangi lililowekwa juu ya dari ya nyumba ya chini mara nyingi halifikishi kimo hicho, na kila kona ya bomba jembamba hupunguza mwendo wa maji zaidi.

Kinachosumbua presha ikiwa ndogo ni vali yenyewe. Ndani yake kuna kipande cha mpira kinachofunguliwa na kufungwa kwa msukumo wa hayohayo maji. Umeme hufungua tundu dogo tu linaloanzisha kazi. Maji yakiwa hafifu, mpira hufunguka nusu na mashine hungoja hadi ikate tamaa na kuonyesha alama ya hitilafu. Baya zaidi, wakati wa kufunga mpira haukai sawasawa na maji huendelea kuvuja taratibu ndani ya dramu hata mashine ikiwa imezimwa. Ukikuta maji chini ya dramu asubuhi na hukufua, chunguza presha na uchafu kwenye vali kabla hujamlaumu fundi.

Jaribio la haraka kabla ya kununua: weka ndoo ya lita 10 kwenye koki itakayolisha mashine. Ikijaa ndani ya dakika moja au mbili, aina yoyote itafanya kazi. Ikichukua dakika tano, ya mlango wa mbele itakutesa, isipokuwa uinue tangi au ufunge pampu ndogo inayojiwasha koki inapofunguliwa.

Ya mlango wa juu ni mvumilivu zaidi. Baadhi zimetengenezwa kwa presha ndogo sana, 0.01 MPa, na bomba likikauka katikati ya kazi unafungua kifuniko na kumimina maji kwa ndoo. Mashine hujua kina cha maji kwa mpira mwembamba wa hewa unaotoka chini ya pipa hadi kwenye kipima kina, kwa hiyo haijali maji yameingilia wapi. Hata ya mlango wa mbele inaweza kumiminiwa maji kupitia droo ya sabuni kwa njia hiyohiyo. Ila itayataka tena kwa kila suuzo, mara mbili hadi nne, na droo hupokea polepole. Ni njia ya kuokoa nguo zilizokwama, isiwe utaratibu wa kila juma.

Mahali ambapo maji hayana ratiba, au huja kwa ndoo, mapipa mawili hayana mpinzani. Tena ndiyo pekee inayokuruhusu kutumia maji ya sabuni zaidi ya mara moja. Jaza lita 45, fua nguo nyeupe dakika 10, zitoe. Katika maji yaleyale tia za rangi zisizochuja, ongeza sabuni kidogo. Kisha maliza na nguo za kazi. Mikupuo mitatu imefuliwa kwa lita 45 badala ya 135. Kabla ya kusuuza, kamua kila mkupuo dakika moja ili sabuni itoke pamoja na maji machafu. Hatua hiyo wengi huiruka, na ndiyo inayofanya suuzo mbili zitoshe mahali ambapo bila yake hata tatu hazitoshi.

Chujio dogo la waya lililo kwenye mdomo wa vali ni la kukaguliwa kila baada ya miezi michache, hasa maji yakiwa na mchanga au kutu. Funga koki, fungua nati ya mpira wa maji kwa mkono, vuta chujio kwa koleo, lisugue kwa mswaki na ulirudishe. Kazi ya dakika tano, na ni tiba ya nusu ya malalamiko ya "mashine haijazi".

Maji yanayotoka

Za mlango wa mbele hutoa maji kwa pampu, na mpira wake unataka kuning'inizwa kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukiuweka chini, maji hujivuta yenyewe kwenda nje wakati mashine inajaza. Inajaza, yanatoka, inajaza tena, na mita ya maji inazunguka. Ukiupandisha kupita kiasi, pampu haiwezi kusukuma yote na mabaki hurudi kwenye nguo. Usiusukumie mpira ndani kabisa ya bomba la maji taka wala usizibe pembeni yake. Hewa lazima ipite.

Nyingi za mapipa mawili, na baadhi ya za mlango wa juu, hazina pampu. Maji yake hutoka kwa kuteremka tu, kwa hiyo mpira lazima ulale sakafuni na tundu la maji taka liwe chini ya mashine. Ukiwa na sinki peke yake, mashine ya namna hii haitakufaa hata ikiwa nzuri vipi. Dukani inamia, angalia mpira unatokea wapi: ukitokea chini karibu na miguu na kijitabu kikisema usiinuliwe, hiyo haina pampu.

Kukamua, na udanganyifu wa namba za mizunguko

Duka litakuambia 1300 ni karibu mara mbili ya 700, na kwamba ya mapipa mawili yenye 1300 inaishinda ya mlango wa mbele yenye 1000. Namba ya mizunguko peke yake haisemi hivyo. Nguvu inayofukuza maji kwenye nguo hutegemea pia upana wa dramu, na huongezeka kwa mraba wa mizunguko. Dramu ya mlango wa mbele yenye kipenyo cha sentimita 48 ikizunguka mara 1200 huisukuma nguo kwa nguvu ya takriban mara 385 ya uzito wake. Kwa 1000 ni kama mara 270. Pipa la kukamulia la mapipa mawili, lenye kipenyo cha sentimita 24 hivi, kwa 1300 hutoa kama mara 225. Ya mlango wa juu yenye dramu ya sentimita 50 kwa 700 hutoa kama mara 137 tu.

Maana yake kwa anayeanika ni hii. Nguo kutoka mlango wa mbele huwa karibu na unyevu wa kupigwa pasi. Za mapipa mawili hukaribia hapo. Za mlango wa juu ndizo zinazokaa kambani muda mrefu zaidi. Anayeanika ndani ya nyumba, au mahali penye unyevunyevu, hili liwe na uzito mkubwa katika uamuzi wake, kwa sababu taulo lisilokauka siku hiyohiyo huanza kunuka.

Kukamua ndiko pia kunakoleta kelele na kutembea kwa mashine. Mashine ya Bendix iliyotokea Marekani mwaka 1937, ya mwanzo kabisa ya kujiendesha yenye mlango wa mbele, haikuwa na springi za kubeba dramu, na ilibidi ifungwe sakafuni kwa bolti. Za leo zina springi, vizuia-mtikisiko na matofali mazito ya zege yaliyofungwa kwenye pipa; ndiyo sababu zinakaribia kilo 70. Bado zinataka sakafu ngumu na iliyosawazika. Tumia pima-maji, zungusha miguu hadi zote nne ziguse kwa nguvu sawa, kisha kaza nati ya kila mguu kuelekea juu. Kabla ya hapo, ondoa bolti za kusafirishia zilizo mgongoni, tatu au nne, kwa spana ya milimita 10 au 13. Mashine iliyowashwa na bolti hizo ndani hutikisika hadi kuvunja kile zilichokuwa zikikilinda. Zihifadhi, utazihitaji ukihama.

Kwa mapipa mawili mtikisiko ni suala la mpangilio. Pipa la kukamulia la mashine ya kilo 7 hubeba karibu kilo 5, kwa hiyo mkupuo hukamuliwa mara mbili. Panga nguo kuzunguka ukuta wa pipa, zishindilie kwa kiganja, weka kile kifuniko cha plastiki cha ndani, kisha funga cha nje. Pipa likigonga pembeni, fungua, panga upya. Na kitu kimoja kizito, kama zulia dogo la bafuni, hakikamuliki peke yake katika aina yoyote. Kiambatanishe na taulo mbili ili uzito ugawanyike.

Nguo na sabuni

Kwa nguo zilizochafuka kwa jasho na vumbi tu, zote tatu husafisha vizuri. Tofauti iko kwenye kusokotana na kwenye joto. Sahani ya chini huvuta nguo kuzunguka, na mashati yenye mikono mirefu hutoka yamefungamana kama kamba. Funga vifungo, geuza nguo nje ndani, weka sidiria na vitambaa vyepesi kwenye mfuko wa wavu. Mlango wa mbele ni mpole zaidi, na joto lake huiwezesha kutoa mafuta ambayo maji baridi hayayagusi. Nyuzijoto 60 pia huua utitiri wa vumbi, jambo la maana kwa mashuka ya mwenye pumu au mzio.

Sabuni ndipo watu wanapoharibu mashine za mlango wa mbele. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono imetengenezwa itoe povu jingi. Ndani ya dramu iliyolala, povu ni mto: nguo zinaangukia juu yake badala ya kupiga maji, kwa hiyo hazifuliki, pampu nayo inashindwa kusukuma povu, mashine inaongeza suuzo juu ya suuzo, na mabaki yanajikusanya kwenye mpira wa mlango. Nunua iliyoandikwa kuwa ni ya mashine za kujiendesha, na ikiwa maji yako ni laini, yaani yanatoa povu upesi, anza na nusu ya kipimo cha pakiti. Ukiona povu kwenye kioo wakati wa suuzo la mwisho, endesha suuzo nyingine bila kuongeza kitu na upunguze sabuni safari ijayo. Mapipa mawili na mlango wa juu hustahimili sabuni yoyote, ila unga uliotiwa kwenye maji baridi huacha alama nyeupe kwenye nguo nyeusi. Uyeyushe kwanza kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu.

Kuhusu kilo: huhesabiwa kwa nguo kavu za pamba. Shuka mbili kubwa, taulo nne za kuogea, suruali mbili za jinzi na mashati kumi hukaribia kilo 7. Kwa vitambaa vya nyuzi za plastiki, kama poliesta, jaza nusu, kwa sufu robo. Kwenye mlango wa mbele, kiganja kilichosimama wima kipite kati ya nguo na paa la dramu. Blanketi zito linaloingia kwa kusukumwa halitafuliwa katikati, litalowa tu.

Umeme, na umeme unapokatika

Kinachokula umeme ni hita, si mota. Kupandisha lita 15 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 40 kunahitaji takriban uniti 0.26, hadi 60, uniti 0.61. Kuzungusha dramu kwa maji baridi ni kazi ndogo kando ya hapo. Anayefua kwa baridi kwenye mlango wa mbele hatumii umeme mwingi kuliko majirani zake, na anayechagua 60 kwa kila kitu asishangae. Hita ya wati 2000 huvuta karibu ampea 9 kwenye volti 230, kwa hiyo ichomeke ukutani moja kwa moja. Ekstensheni nyembamba iliyoviringishwa hupata moto hadi plastiki kuyeyuka.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mapipa mawili hayana shida: unafungua, unamalizia kwa mkono au unangoja. Mlango wa juu unafunguka na nguo zinatoka. Mlango wa mbele unabaki umefungwa, dramu ina maji, na hata umeme ukirudi kufuli huchukua dakika moja au mbili kuachia. Baadhi hukumbuka zilipofika na kuendelea, nyingine huanza upya. Uliza hili kabla ya kulipa. Ukihitaji nguo zako, chomoa mashine, subiri maji yapoe, fungua kidirisha cha chini mbele, weka sinia, vuta kile kijimpira cha dharura na uyatoe yote. Kama hakuna kijimpira, legeza kifuniko cha kichujio cha pampu, kilicho hapohapo, robo mzunguko, acha yatoke kidogo, kaza, mwaga, rudia. Mashine nyingi zina kamba ya kufungulia mlango karibu na hapo.

Mahali ambapo umeme hukatika kila siku kwa saa zisizojulikana, programu ya saa tatu ni kero ya kudumu. Hapo mlango wa juu unaomaliza kwa dakika 50 una faida ambayo kibandiko cha ubora hakiionyeshi.

Kinachoharibika, na fundi atakachofanya

Mapipa mawili: kapasita (kipande kinachoipa mota nguvu ya kuanza), mkanda, waya wa breki, saa ya kuhesabia dakika. Mota ikiguna bila kuzunguka, ilhali mashine ikiwa imechomolewa inazunguka kwa mkono bila kukwama, kapasita ndiyo ya kwanza kushukiwa. Fundi aitoe chaji kabla ya kuigusa. Pipa la kukamulia likichukua muda mrefu kusimama baada ya kufungua kifuniko, waya wa breki umelegea. Usiruhusu mtoto karibu hadi ukazwe, maana mkono unaoingia kwenye pipa linalozunguka huvunjika. Vipuri hivi vyote ni vidogo na fundi yeyote wa mota anavielewa. Ni hoja kubwa kwa anayeishi mbali na mafundi wa kampuni.

Mlango wa juu: sarafu na waya za sidiria zikipita chini ya sahani, utasikia mkwaruzo. Fungua skrubu ya katikati, inua sahani, safisha. Mfuko wa kukusanya nyuzi umwagwe kila mkupuo wa pili au wa tatu. Ukijaa, nyuzi hurudi kwenye nguo. Vining'inizi vinne vya pembeni vikichoka, dramu hugonga mwili kila inapokamua.

Mlango wa mbele una matunzo mengi zaidi, na asiyependa kuyafanya achague aina nyingine. Futa mpira wa mlango, hasa mkunjo wa chini, na acha mlango wazi kidogo baada ya kufua. Palipo na watoto wadogo tumia kifuli cha usalama kama kipo, wasijifungie ndani. Safisha kichujio cha pampu kila mwezi au miwili. Anayefua kwa baridi siku zote aendeshe mzunguko mtupu wa nyuzi 60 au 90 mara moja kwa mwezi, kwa sababu mafuta na mabaki ya sabuni huganda nyuma ya dramu mahali usipopaona, na ndiyo harufu ile ya ukungu. Maji yakiwa magumu, yasiyotoa povu upesi, hita huvikwa gamba. Gramu 100 za asidi ya sitriki ndani ya dramu tupu kwa nyuzi 60, kila baada ya miezi mitatu hivi, huliondoa. Usiichanganye na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Hutoa gesi ya sumu.

Kipuri cha gharama ni beringi, ile inayobeba mhimili wa dramu. Pipa la nje la mashine nyingi za sasa limeunganishwa kwa kuyeyushwa, halifunguki kwa skrubu, kwa hiyo beringi ikifa hununuliwa pipa zima, na kwa mashine ya zamani gharama hiyo mara nyingi haina faida. Muulize muuzaji au fundi swali hilo moja: pipa linafunguka? Jibu lake lina uzito kuliko programu 16 zilizoandikwa kwenye kidirisha.

Nani achukue ipi

Maji ya ndoo, au ya kuvizia. Mpangaji anayehama mara kwa mara. Nguo nyingi za kazi zenye matope: mapipa mawili. Utalipa kwa muda wako, kwa sababu hutaweza kuondoka.

Presha hafifu lakini ya kudumu, umeme wa kubahatisha, mgongo au magoti yasiyotaka kuinama, na nafasi ya kukaushia nguo nje: mlango wa juu. Hakikisha juu yake hakuna rafu. Kifuniko kinahitaji kusimama.

Presha ya kutosha, maji ya kulipia kwa lita au tangi dogo la kuhesabu, nguo za mtoto mchanga, mzio, kuanika ndani: mlango wa mbele, kwa masharti yote yaliyotajwa. Kiti kidogo au jukwaa imara la sentimita 30 humsaidia asiyeweza kuinama, lakini liwe limefungwa kwa mashine. Kwa nyumba isiyo na hakika kati ya hii na ya mlango wa juu, kipimo cha ndoo ya lita 10 ndicho kiamue.

Ukinunua iliyotumika

Zungusha dramu ya mlango wa mbele kwa mkono ikiwa imezimwa, polepole, sikio karibu. Mlio wa mchanga ni beringi. Kisha shika ukingo wa dramu kwa ndani, upande wa juu, uinue: ikipanda na kushuka peke yake wakati pipa la nje limetulia, acha. Kunjua mpira wa mlango utazame kama umechanika au una madoa meusi yaliyoingia ndani, fungua kichujio cha pampu, na nusa. Kwa mapipa mawili, mimina maji lita 20 upande wa kufulia, washa dakika tano, kisha inamia uangalie chini: tone linalotoka katikati, chini ya sahani, ni sili (mpira wa kuzuia maji) iliyokwisha, na maji hayo huenda moja kwa moja kwenye mota. Kwa mlango wa juu, sukuma dramu tupu kwa kiganja na uiachie. Ikirudi mahali pake na kutulia baada ya mtikisiko mmoja au miwili, vining'inizi bado vizima. Na kwa yoyote kati ya hizo, mwombe muuzaji aikamulishe ikiwa na taulo zilizolowa, kwa sababu mashine tupu hukamua kimya hata ikiwa mbovu.